Mdogo Wangu Hakuwa Mtaji

Mimi si mtu wa kushtuliwa na kitu. Niliishia darasa la nne, lakini barabara ya Tunduma imenifundisha mambo ambayo wenye vyeti vyao hawajayasikia hata kwa jirani. Nimevusha mahindi enzi zile kuvusha mahindi ni kosa, mtu unaitwa mlanguzi na gunia lako linalala kituoni. Kisha ruksa ikaja, biashara ikawa huru, na wale wale waliokuwa wakinisimamisha kwenye vizuizi wakaja dukani kwangu kunikopa sukari. Nimeona mtu Kipili akiuza mtumbwi mmoja kwa watu wawili asubuhi moja, na wote wawili wakamwachia chenji. Kwa hiyo nilipofika miaka thelathini na kitu nilikuwa nimeshajiambia: binadamu ameniishia, hana jipya la kunionyesha.

Alikuwa nalo.

Naandika habari ya mdogo wangu wa kike, aliyenifuata tumbo moja, na ugonjwa wake wa akili. Naandika kwa hasira na sitaki mtu aniambie nipoe. Nitapoa siku watu wa mkoa huu watakapomwona mgonjwa wakamwita mgonjwa.

Kwanza mnijue mimi. Baba alituachia shamba la ulezi na jembe lenye mpini uliopasuka. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu mgongoni. Mgongo ukazaa baiskeli, baiskeli ikazaa duka la chumvi na sabuni, duka likazaa lori, bovu lakini langu. Halafu nikafunga mashine ya kusaga pale Milanzi, na akina mama wa mtaa mzima wakaacha kubeba madebe kwenda mbali. Hakuna aliyenishika mkono. Tangu nifunge mashine, wakulima wa Mwimbi walikuwa wakinipa mahindi kwa mali kauli, yaani nachukua mzigo kwa neno la mdomo tu, nauhifadhi ghalani, nauza bei ikipanda wakati wa mvua, ndipo nawalipa. Mtu hapewi mali kauli kwa uzuri wa sura. Nilijua wananiamini kwa sababu sijawahi kumdhulumu mtu hata kisado kimoja. Ndivyo nilivyojua.

Mdogo wangu alikuwa mcheshi kuliko sisi wote. Aliiga sauti ya paroko, ya mwenyekiti wa mtaa, hata ya mbuzi wa jirani, mpaka mama anashika mbavu na kumwomba anyamaze. Aliolewa Kipili na mchuuzi wa migebuka, wale samaki wa ziwani. Akajifungua, mtoto akafariki kabla hata hajakaza shingo. Baada ya matanga mdogo wangu akanyamaza. Mumewe alivumilia kwa muda, kisha akamleta kwangu juu ya gari la samaki, akamshusha na sanduku lake, akasema, "Shemeji, mimi nimeshindwa." Akapanda gari lile lile akarudi ziwani.

Sasa angalieni bahati yangu. Mdogo wangu aliletwa mwezi ule ule niliofunga mashine. Mashine inaanza kunguruma, na yeye anaanza kukaa nje ya ukuta wake, juu ya kreti la soda, kavaa sweta kwa sababu ya baridi ya kwetu, anazungumza na mtu asiyeonekana. Wakati mwingine anacheka peke yake. Haogi mpaka mke wangu amwogeshe. Halali. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikamtoka kidoleni yenyewe.

Na biashara yangu ilikuwa inapanda. Nifanyeje? Niizuie?

Nilianza kuona mambo. Wazee wazima, watu wa kupewa shikamoo, walikuja kusaga na wao ndio wanamwamkia mdogo wangu shikamoo, wakiwa mbali, huku wameinamisha macho. Nikadhani ni huruma. Siku moja niko nyuma ya magunia nikawasikia vijana wawili waliokuwa wanangoja unga.

"Mambo?"

"Poa, mshikaji. Umeuona mtaji wa mzee?"

"Mtaji gani?"

"Ule pale. Umekaa kwenye kreti unaota jua."

Wakacheka. Nilitoka nyuma ya magunia na mpini wa koleo, na nawahakikishieni hawakungoja unga wao.

Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu mtu akitajirika hawaamini kwamba aliamka mapema. Wanasema ana ndagu, dawa ya utajiri, na ndagu ina masharti yake: lazima utoe mtu wa kwenu. Wengine hufa. Wengine, wanasema, hugeuzwa vichaa, na wanapokaa hawajitambui, mali inaongezeka. Kwa hiyo mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, aliyefiwa na mtoto wake na akili ikaelemewa, alikuwa kwao ndiye injini ya mashine yangu. Ile injini ya dizeli niliyoilipia kwa jasho hawakuiona.

Nilifanya kama kila mtu, nikaanza na waganga. Wa kwanza alitaka mbuzi, wa pili alitaka mbuzi na redio. Wa tatu, mtu mwenye sifa mpaka Zambia, alimtazama mdogo wangu, akanitazama mimi, akanivuta pembeni na kunikonyeza.

"Tajiri, unanijaribu?"

"Nakujaribu nini? Nimeleta mgonjwa."

"Hii umeifunga mwenyewe. Kazi ya mwenzangu siiharibu. Nenda kwa huyo aliyekufungia, yeye ndiye anajua kufungua."

Hata mganga! Mtu anayekula kwa kudanganya, siku hiyo moja akaamua kuwa na maadili, na akaamua kunifanyia mimi.

Nikasema basi, nampeleka Mbeya hospitali, kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Nikaenda kumuaga mama kijijini. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Akaniambia nikae.

"Mwanangu, kwani anakusumbua nini? Anakula. Hampigi mtu."

"Mama, halali. Anaongea na ukuta."

"Ukuta haumdhuru." Akatoa kokoto, akaitupa. "Wewe una watoto wa marehemu kaka yako unaowasomesha. Mimi nina bati juu ya kichwa. Sikuulizi ulifanyaje, sijakuuliza hata siku moja. Ulichagua mmoja, tukapona wengi. Nimeshakusamehe."

"Umenisamehe nini, mama?"

Aliendelea na maharage yake.

Nimepigwa na askari, nimeibiwa na dereva wangu mwenyewe, nimetukanwa kwa Kifipa, kwa Kinyakyusa na kwa Kibemba. Hakuna kilichoniuma kama msamaha ule. Mtu akikutuhumu utabishana naye. Lakini mtu akikusamehe kosa ambalo hukulifanya, tena mama yako mzazi, tena kwa upendo, utashika wapi? Ukibisha wewe ni mkaidi. Ukinyamaza umekiri. Nilitoka pale bila kunywa hata maji, na barabarani nilijikuta nimesimamisha lori pasipo na sababu, nimeshika usukani, moyo unakwenda kama umefukuzwa na mbwa.

Mbeya tulifika na vumbi mpaka kwenye kope. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mnene, hana haraka. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa nimepanga majina: nani ana kijicho, nani alikataa kunisalimia, jirani gani alionekana nyuma ya nyumba. Yeye hakuuliza hata moja. Aliuliza, "Amelala vizuri mara ya mwisho lini?"

Nilijua bei ya mahindi ya kila gulio kutoka Matai mpaka Laela, lakini hilo sikulijua.

Akaniuliza habari ya mtoto aliyefariki, kama mdogo wangu alipata kumlilia. Nikamwambia sisi tulimkataza kulia, ili asiharibu macho. Akaandika. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, baba? Unalala?"

"Mimi si mgonjwa."

"Sijasema ni mgonjwa. Nimeuliza unalala."

Nikamwambia aendelee na mgonjwa wake. Sikupenda swali lile. Lakini niliporudi nyumbani likaanza kunisumbua, kwa sababu kweli nilikuwa silali, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza, maana tajiri haulizwi.

Walimlaza. Wakampa sindano na vidonge. Sitawadanganya kwamba ilikuwa raha: nilipokwenda kumtazama mara ya kwanza mikono ilikuwa inamtetemeka na ulimi mzito, nikataka kumpiga mtu. Muuguzi yule akanikalisha, akanieleza kwamba dawa inapimwa kwa mwili, watapunguza, nisimtoroshe. Nikavumilia. Niliporudi tena, mdogo wangu alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Kipili, akasema, "Kaka, umezeeka." Nikacheka mpaka wagonjwa wengine wakaja kuona kuna nini.

Nikamrudisha Milanzi na mfuko wa vidonge. Anaoga mwenyewe. Anamsaidia mke wangu kupika. Akaanza hata kumwiga yule muuguzi, mwendo wake wa taratibu. Mimi nikamwambia kila niliyekutana naye, kwa sauti ya kusikika: mdogo wangu anapona! Nilidhani nawaziba midomo.

Asubuhi moja nafungua ghala nawakuta wakulima wa Mwimbi wamekaa nje, wamekuja na baiskeli, wamejaa uwanja mzima. Mbele yao mzee wao, mtu ninayemheshimu, aliyenipa magunia yangu ya kwanza ya mali kauli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa anaendelea vizuri sana, mzee."

Uso ukamshuka kama nimempa habari ya msiba. "Tumesikia," akasema. "Ndiyo maana tumekuja."

Akachomoa kwenye koti bambo, ule mrija wa chuma wa kutobolea gunia, akaingia ghalani, akachoma gunia la kwanza. Punje zikamwagika kiganjani. Akazinusa. Akaitafuna moja. Akawageukia wenzake: "Bado ni mahindi."

"Ulitaka yawe nini, mzee?"

"Mwanangu, wewe unajua kuliko mimi. Kitu kikifunguliwa hakichagui. Kinaondoka na vyote, hata vya watu. Hatugombani. Tunaomba chetu kabla hakijawa pumba."

"Tulipatana mtalipwa wakati wa mvua."

"Tulipatana na mtu mwenye kinga," akasema, kwa upole kabisa. "Sasa kinga unaivua mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile nilijivunia uaminifu wangu, neno langu moja, kumbe walinipa mali kauli kwa dhamana ya mdogo wangu! Waliamini kwamba akiwa kichaa mimi siwezi kufilisika. Walimweka yeye rehani na mimi sina habari. Na mmoja wao kule nyuma, kijana mwenye kofia ya sufu, akapaza sauti: "Au mwache kwanza alivyokuwa, tajiri, mpaka Februari tu! Tukishalipwa, mtibu!"

Hakuna aliyecheka. Waliona ni ushauri.

Niliwafukuza. Niliwaambia neno ni neno, watalipwa mvua zikinyesha, na nikafunga ghala kwa kufuli mbili. Kisheria, nawaambia, nilikuwa sahihi. Wangenifanya nini? Lakini walihamia pale nje kwa zamu, wanalinda mahindi yasigeuke, na kila anayekuja kusaga anauliza, na habari inatembea. Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya, mtu wa kwenda kanisani na Biblia kwapani, akanijia na pesa taslimu. "Mimi nimeokoka, siamini mambo ya giza," akasema. "Lakini nasikia una haraka ya kuuza." Akanitajia bei ambayo ukimtajia mwendawazimu anapona. Nikamwonyesha mlango.

Mdogo wangu alikuwa anayaona haya yote. Na mdogo wangu akaanza kurudi nyuma. Kwanza akaacha utani. Kisha nikamkuta amekaa tena kwenye kreti. Nikamuuliza mke wangu kama dawa zimeisha. Hazijaisha, akasema, kila siku namuona anameza.

Ni mke wangu aliyegundua. Alikuwa anafua, akakuta kwenye pindo la khanga ya wifi yake fundo, lile fundo wanawake wanalofungia hela. Alipolifungua, ndani mlikuwa na vidonge vilivyolowa na kuyeyuka nusu. Alikuwa anaviweka chini ya ulimi, akigeuka anavitoa.

Nilikwenda nikakaa naye, mimi juu ya gunia, yeye juu ya kreti lake. Nilikuwa nimejaa hasira, ila nashukuru nilianza kwa kuuliza.

"Mbona unatupa dawa?"

"Kaka, nikipona kabisa mashine itazima."

"Nani amekuambia?"

"Mama, nilipokwenda kumsalimia. Lakini hakunikataza dawa. Amesema tu nipone polepole. Mpaka watoto wamalize shule." Akawaonyesha kwa kidevu wale wakulima waliokaa nje. "Na hawa nao si wanasema hivyo hivyo? Mimi nilikuwa sikusaidii kitu, kaka. Nikaona kumbe nakusaidia."

Ndugu zangu, mimi ni mwanaume. Lakini nililia pale, mbele ya watu wa Mwimbi, na sijali. Mtu mgonjwa, amefiwa, amerudishwa na mume kama mzigo uliokataliwa, anasikia sauti zinamtukana mchana kutwa, na bado anakubali kubaki humo ndani ili sisi tule. Na sisi wazima tunamwambia aende polepole! Kwani wazima ni nani?

Nikambishia. Nikamwambia ni uongo, utajiri ni wangu, nimeutoa mgongoni. Akaitikia kwa kichwa, kama watu wanavyomwitikia mtoto. Nikaona maneno hayatoshi. Anachokiogopa ni mimi kufilisika, basi na aone nikifilisika, aone kama nitakufa.

Nikatuma mtu amwite yule mfanyabiashara wa Biblia. Akaja upesi. Nikamuuzia ghala zima, magunia mia mbili na arobaini, shilingi elfu mbili na mia mbili chini ya deni langu kwa kila gunia. Pengo nikaliziba kwa akiba yote niliyokuwa naweka ninunue lori la pili, na kwa kuuza sukari yote ya dukani. Kisha nikatoa meza nje, nikaiweka mbele ya kreti la mdogo wangu, nikamwita mzee wa Mwimbi na watu wake, nikawalipa mmoja mmoja mpaka wa mwisho, mdogo wangu anatazama. Mzee alipopokea fungu lake alitaka kunishika mkono. Nikamwambia, "Mzee, mkono nakupa kwa sababu ya umri wako. Lakini mahindi yako yalikuwa mahindi na huyu alikuwa mgonjwa, na wewe ulikwenda kupima mahindi."

Walipoondoka, uwanja ukawa mtupu. Ghala likawa tupu. Mdogo wangu akaingia humo akaangalia pembe zote. Akatoka.

"Yameisha?"

"Yameisha."

"Na wewe?"

"Mimi nina njaa," nikasema. Mke wangu akaleta ugali na maharage, tukala watatu pale pale mezani, na mashine nyuma yetu inaunguruma, kuna mama mmoja alikuwa anasaga ulezi wake. Mdogo wangu alisikiliza ule mngurumo mpaka ukaisha, akasikiliza ukianza tena kwa mteja mwingine. Kisha akaomba maji. Akameza kidonge, akafungua mdomo akaninyanyulia ulimi nione, kama wanavyofanya wodini. Sikumwomba. Alinyanyua mwenyewe.

Haikuwa mara moja, msidhani. Alianguka tena baadaye, tukarudi Mbeya, wakabadilisha dawa. Anameza mpaka leo. Ana genge lake la migebuka mikavu sokoni na wateja wanakuja kumsikiliza anavyowaiga wakubwa wa manispaa. Mama alikuja kumtazama, akakaa, akala samaki, akasema samaki ni wazuri. Mengine hakuyasema, na mimi sikuyadai. Na mimi nilirudi kwa yule muuguzi, nikamjibu lile swali lake, tena kwa kirefu.

Kwa hiyo sikilizeni mimi niliyeishia darasa la nne. Mtu wako akibadilika, akinyamaza, akiongea na ukuta, usiulize ni nani amemfanya. Uliza amelala lini. Uliza amelia au mmemkataza. Mpeleke hospitali mapema, na akianza kupona usimwambie aende polepole kwa faida ya mtu yeyote. Akitupa dawa usimpige, muulize anamwogopea nani. Na aliyemuuguza naye aulizwe kama analala, hata kama ana lori.

Mpaka leo kuna watu wananivuta pembeni na kuninong'oneza: tajiri, kweli ulitoa nini? Mimi sinong'oni. Sikutoa kitu ili niwe tajiri. Nilitoa ili mdogo wangu akubali kupona, na nitataja vyote: mbuzi na redio za waganga, dizeli ya kwenda na kurudi Mbeya, kitanda, dawa, na hasara ya yale mahindi. Shilingi laki saba, elfu themanini na sita, mia nne na hamsini.